Kabula, Shika Kushoto

Bariadi, jioni, kesho unasafiri

Kabula mwanangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako nimeiona kwa macho yangu leo saa nane mchana, pale njia ya sokoni inapoingia barabara kubwa. Ulikuwa juu ya baiskeli, umenyoosha mgongo kama mtu anayepigwa picha, unakuja upande wa kulia, na magari yote yanakujia usoni. Kijana wa bodaboda akachomoza uchochoroni, akatazama kulia kwake ambako ndiko magari yanakotoka, akaona ni kweupe, akakata kushoto. Hakukutazama wewe. Angekutazama vipi, na upande uliotokea haupaswi kutokea kitu? Mlinusurika kugongana kwa upana wa kiganja. Nawe ukapiga kengele, ukamwambia afungue macho, ukaendelea na safari yako kana kwamba ile barabara uliilima mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa duka la pembejeo. Hukuniona. Niliomba kiti kwa mwenye duka nikakaa.

Tulipokutana nyumbani nilisema mengi, na mengi yalikuwa ya hasira. Nilisema umesoma bure. Nilisema hicho cheti cha ualimu hakina faida kama mwenye nacho hajui upande wa barabara. Mama yako akaacha kuanika michembe ya viazi akaja kusimama mlangoni. Ukanijibu kwa ile sauti yako ya taratibu, ambayo inaniudhi kuliko kelele.

"Baba, wewe ndiye uliyenifundisha. Miaka yote hii nilikuwa nakosea, na wewe unaniangalia?"

Nikachukua kofia na baiskeli nikatoka. Niliporudi ulikuwa umeshaenda Nyakabindi kumuaga bibi yako, na nina hakika umekwenda huko kwa kushika kulia, ili kunikomesha.

Mama yako ndiye aliyesema niandike. Anasema mimi na wewe tukilizungumza hili kwa mdomo tutabishana hadi basi liondoke. Amesema kweli. Kichwa chako umekitoa kwangu, na sijui kwa nini ulichukua hiki wakati mama yako alikuwa na kizuri kabisa. Kwa hiyo naandika. Nitaiweka barua hii juu ya sanduku lako la bati, na tafadhali isome ukirudi, usiipeleke ukaisomee kwenye basi. Habari za kuchemsha maji ya kunywa, kufunga mlango mapema, kuwasalimia majirani kabla hawajakusalimia, hizo siziandiki. Mama yako amezisema tangu Jumatatu na bado anaendelea nazo hivi sasa, wewe mwenyewe hupo, anaziambia karanga. Mimi nina jambo moja, na limenikaa kooni miaka kumi na mitatu.

Nikuambie kwanza huo upande wa kulia niliutoa wapi, maana usidhani niliuokota tu.

Mimi nilikulia kwenye ng'ombe. Babu yako alinikabidhi zizi nikiwa sijafika hata begani kwa dume lake kubwa, na neno lake la kwanza lilikuwa nisimpe dume yule mgongo hata siku moja. Nimtazame. Dume akijua unamwona, alisema, hupunguza. Na ni kweli, hupunguza. Kisha shuleni mwalimu akatufundisha kwamba anayetembea barabarani akae kulia, ili aone magari yanayokuja. Nikaona basi, hii ni habari ileile ya babu yako. Nikaitia kichwani, nikafunga. Mwalimu alikuwa anasema habari za miguu, si za magurudumu. Pengine hata alifafanua, nami siku ile nilikuwa natazama dirishani.

Halafu likaja gunia la pamba. Wewe umelisukuma, unalijua. Ukishalilaza juu ya keria na kulifunga kwa mipira, linakupita upana kulia na kushoto na linakufika kisogoni. Huwezi kugeuza shingo. Mtu aliyebeba pamba kwa baiskeli hana nyuma kabisa. Sisi wote tuliokuwa tukipeleka pamba ghalani tulikuwa tukibishana habari hiyo. Wengine walishika kushoto kama sheria inavyosema, na mimi nikiwacheka. Niliwaambia wao wanangoja kugongwa mgongoni kama mizigo, mimi nitakiona kinachokuja kuniua na nitakikwepa. Nilikuwa nasema hivyo kwa sauti kubwa, na watu walicheka pamoja nami. Nilikuwa najiona mjanja kweli.

Sasa nifike penyewe.

Unamjua Luhende, fundi baiskeli wa pale njia panda, yule unayemwita mjomba ingawa hatuna undugu naye. Unajua mguu wake wa kulia haukunjiki. Unajua kwamba aligongwa na lori la pamba barabara ya Lamadi, na lori likakimbia. Unajua pia kwamba mimi ndiye niliyemwokota. Hivyo ndivyo kila mtu Bariadi anavyojua, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyosema.

Ulikuwa darasa la tatu. Ilikuwa msimu wa pamba, asubuhi, nami nilikuwa napeleka gunia ghalani. Nimeshika kulia kama kawaida yangu, pembeni kabisa mwa lami. Chini ya lami palikuwa na mteremko wa mawe, na kwa mzigo ule ningeshuka pale ningeanguka nao. Mbele yangu nikamwona Luhende anakuja. Yeye alishika kushoto kwake, maana yake ukingo uleule nilioushika mimi. Alikuwa na madumu mawili ya maziwa, moja kila upande wa keria. Enzi hizo alikuwa akileta maziwa mjini kila siku, na hakukuwa na mtu mwenye miguu kama yake. Alipanda vilima akiwa amekaa kwenye kiti, anapiga mluzi.

Nyuma yake nikaona lori.

Soma hapo tena, Kabula. Mimi niliona lori. Yeye hakuliona, lilikuwa nyuma yake. Yale yote niliyokuwa nikijisifia, kwamba mimi nakiona kinachokuja, siku ile yalitimia. Niliona lori, nikaona pamba iliyofurika nje ya bodi, nikamwona Luhende, nikaona kwamba ule ukingo hautoshi watu wawili. Mmoja wetu lazima aingie barabarani. Aliyestahili kuingia nilikuwa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimekaa mahali pasipo pangu, na kwa kuwa ndiye niliyekuwa naona. Ningeweza pia kusimama. Ningeweza kuanguka kwenye yale mawe, na gunia likapasuka, na nikachubuka viwiko. Sikufanya hata moja kati ya hayo. Nilipiga kengele. Nilimpigia kengele mtu aliyekuwa upande wake.

Luhende ni mtu wa adabu. Akanipisha.

Sitakueleza sana. Bodi la lori lilimsukuma, baiskeli yake ikaingia chini, na mguu ukaingia nayo hadi gotini. Lori halikusimama, na mpaka leo sidhani kama dereva alisikia chochote. Maziwa yalimwagika yakateremka kwenye lami hadi miguuni kwangu. Na nikuambie kitu ambacho hata mama yako hakijui. Kabla sijamkimbilia, nililaza kwanza baiskeli yangu taratibu kwenye nyasi zilizoota kati ya mawe, ili pamba isishike udongo. Nimejaribu miaka yote hii kujiambia kwamba nilichanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Nilikuwa na akili zangu zote, na ndivyo nilivyozitumia.

Watu walijaa, tukasimamisha gari dogo la mizigo, nikampakata kichwa hadi hospitali. Walipouliza nini kimetokea, nikasema lori limemgonga, limekimbia. Wakamlaani dereva. Nami nikamlaani pamoja nao, tena kwa sauti kuliko wao. Luhende alikuwa macho. Alikuwa ananitazama kutoka mapajani kwangu, na hakusema kitu.

Baada ya wiki tatu mama yake alikuja hapa nyumbani, marehemu sasa. Alileta kuku mweupe. Alimkabidhi mama yako kwa mikono miwili akasema wabeja, asante sana, mwanangu angefia barabarani kama si baba Kabula. Nilikuwa nimekaa pale kibarazani. Nilitakiwa kusimama nikasema mama, mrudishe kuku wako. Badala yake nikasema hakuna neno, ni ubinadamu. Tulimchinja Jumapili baada ya ibada. Wewe ulikula paja, ukaomba na la pili, na mama yako akakupa langu kwa sababu mimi nilisema sijisikii vizuri.

Ungetegemea kwamba mtu mwenye akili, baada ya hayo, angebadili upande. Mimi nilibadili njia. Karibu mwaka mzima nilizunguka kwa nyuma, mlima na mabonde, ili nisipite penye kile kibanda ambacho Luhende alifungua alipotoka hospitali, kwa kuwa hakuweza tena kuendesha. Upande sikubadili. Na hapa ndipo unaponiuliza kama nilikuwa nakuangalia tu unavyokosea. Ndiyo. Nilikuwa nakuangalia.

Nilikufundisha baiskeli mwaka uliofuata, na ninakumbuka kila kitu. Hukufika kwenye kiti, ulipenyeza mguu chini ya chuma cha katikati, baiskeli imelala upande mmoja na wewe upande mwingine, na ulimi umeutoa nje. Nilikimbia nyuma yako nimeshika keria. Na nilikuwa nikisema, "Kulia, mayu wangu, kulia, uone kinachokuja." Nilikuwa nimeshaona maziwa kwenye lami, Kabula. Nilikuwa najua. Lakini kama ningekuambia kushoto, ungeniuliza mbona wewe unapita kulia. Na kama ningehamia kushoto mimi mwenyewe, wale tuliokuwa tukibishana ghalani wangeuliza nimeona nini. Na mtu mmoja angekaa akajumlisha, lori, gunia, Luhende, baba Kabula. Kwa hiyo niliendelea kulia, nikakuweka na wewe hukohuko. Nilikuwa tayari uendeshe vibaya maisha yako yote kuliko wewe kuniuliza swali moja. Na leo umeniuliza, tena siku moja kabla ya kuondoka, kama vile ulikuwa unalitunza.

Kuna siku nyingine hutaikumbuka. Ulikuwa darasa la nne, breki zako zimelegea, tukaenda kwa Luhende kwa sababu hakuna fundi mwingine anayeziweza. Akakukazia. Alipokurudishia baiskeli akakuambia ushike kushoto, mayu, uende na magari, usiende kupambana nayo. Ukamjibu, kwa mdomo wako huo, kwamba baba anasema anayepita kushoto anangoja kugongwa mgongoni. Ulimwambia hivyo mtu aliyekaa mbele yako amenyoosha mguu juu ya kopo la rangi, kwa kuwa haukunjiki. Mimi nilikuwa hapohapo na pampu mkononi. Luhende akanitazama. Haikuwa hasira, na ningependa ingekuwa hasira. Kisha akarudi kwenye spoki zake. Nikainama nikaendelea kujaza upepo, nikajaza, nikajaza, hadi Luhende akasema basi, tairi litapasuka.

Kila mwaka alikuambia. Nawe kila mwaka ulicheka. Ulidhani ni utani wenu.

Leo mchana nilipotoka hapa na kofia yangu, nilikwenda kwake. Nilimkuta ananyoosha rimu. Nikakaa kwenye lile benchi la wateja, nikamwambia nimekuona sokoni, na kwamba nataka kukueleza habari ya siku ile, yote. Hakuinua uso. Alizungusha rimu, akalitazama linavyoyumba, akakaza spoki moja.

"Mimi nilimwambia kushoto tangu yuko darasa la nne," akasema. "Lakini wewe ndiye anayekusikia."

Nikamuuliza kwa nini yeye hakusema, hata siku ile hospitali. Akaniuliza kama angesema, mguu ungekunjika? Akaja mteja na tairi la pancha, akaondoka. Kisha akasema, naye alikuwa amechoka nami waziwazi, kama mtu aliyesubiri kwenye foleni hadi dirisha likafungwa:

"Nilikuwa nangoja useme wewe, ngosha. Umechelewa sana."

Nilimwomba radhi. Nimelifanya jambo hilo vibaya, nilianza sentensi mara tatu, na mara ya tatu nikajikuta nazungumzia mvua. Akanisikiliza hadi mwisho. Hakusema amenisamehe na hakusema hajanisamehe. Akapekua kwenye sanduku lake la vyuma chakavu akatoa kioo cha pikipiki, kile cha pembeni, ambacho mkono wake alikuwa ameshaukata na kuukunja ukae kwenye usukani wa baiskeli. Akanikabidhi bila maelezo. Ni cha kwako. Niligundua baadaye, nikiwa njiani, kwamba kile kioo hakukitengeneza leo. Pale alipokata chuma tayari pana kutu.

Nimekifunga kwenye baiskeli yangu ya zamani, ile ya chuma, ambayo ndiyo utakayoondoka nayo, maana hii nyepesi unayozurura nayo mjini haitakufikisha mbali kwenye njia za Meatu. Kipo upande wa kulia wa usukani. Ukiushika mkono wa kushoto wa barabara, kinakuonyesha yote yanayokuja nyuma yako. Kwa hiyo hoja ya babu yako kuhusu dume nayo imepata jibu, baada ya watu watatu wa ukoo mmoja kuishikilia.

Najua utabisha. Nakusikia hata kabla hujafungua bahasha. Utasema kule ulikopangiwa, mbele ya Mwanhuzi, ni vumbi na ng'ombe, gari moja asubuhi na moja jioni. Ni kweli. Na kwa sababu ni moja, dereva wake hategemei kitu, na wewe hutegemei kitu, na mkutano wenu ni wa ghafla. Yeye anakuja kwa mwendo wake na wewe unamwendea kwa wako, na ile nafasi iliyokuwa kati yenu mnaila wote wawili kwa pamoja. Anayekuja nyuma yako anakuona, anakufuata, ana muda wa kupunguza. Anayekuja mbele yako amekwisha fika. Lori si dume la ng'ombe. Halijali kwamba unalitazama. Nimelitazama moja vizuri sana, halikupunguza.

Ukishuka, ukawa unaisukuma baiskeli kwa miguu, hapo rudi kulia utazame yanayokuja, mwalimu wangu alikuwa sahihi. Ukipanda tu, shika kushoto. Ndiyo habari yenyewe yote. Imenichukua kurasa nyingi na miaka kumi na mitatu, na inatosha kwenye kiganja.

Utaogopa, hilo sikufichi. Mimi nilijaribu leo wakati wa kurudi. Nilingoja kwanza nifike mbali na kibanda cha Luhende, sikutaka anione najifunza uzeeni. Nikahamia kushoto. Nilisikia kila kilichokuwa nyuma yangu, hadi kuku wa watu. Shingo ilikakamaa, na ninapoandika hapa bado inauma, mama yako amenikanda kwa mafuta akiuliza nimebeba nini. Basi moja lilikuja nyuma yangu. Nilisikia linapunguza, nikafumba jicho moja. Likangoja gari la mbele lipite, kisha likanizunguka kwa mbali, likaenda zake. Likanipisha, Kabula. Nilishuka nikasimama pembeni, nikaangalia linavyopotelea Somanda, na nilitaka kulia machozi na nilitaka kumpiga mtu. Miaka yote nilidhani mtu asiyeona nyuma ni maiti. Sikuwahi kufikiri kwamba aliye nyuma naye ana macho, na hataki kuniua.

Nimeudhika nawe leo kwa sababu nimeogopa. Hilo nalo ningeweza kulisema mlangoni badala ya ule upuuzi wa cheti. Cheti chako ninajivunia. Nilikionyesha hadi kwa yule mwenye duka la pembejeo, na yeye mwenyewe alikuwa ameshakiona mara mbili. Lakini wewe sasa unakwenda kuwa mwalimu. Watoto watakuja shuleni kwa baiskeli, wengine watatu juu ya moja, na watapita unapopita wewe bila kukuuliza. Mmoja wao siku moja atakuuliza. Akikuuliza, mjibu siku hiyohiyo. Hata kama jibu linakuvua nguo mbele ya darasa, mjibu. Mimi sikuweza, na mguu uliolipia ulikuwa wa mtu mwingine, na uliofuata ungekuwa wako.

Jua linashuka, utakuwa njiani kurudi. Kila kengele inayolia barabarani nainua kichwa. Mama yako anasema nikae nitulie, yeye mwenyewe amekwenda kuchungulia langoni mara nne.

Kesho basi linaondoka saa moja asubuhi. Nimepanga hivi, na safari hii usibishe. Sanduku lako nitalibeba mimi, kwenye keria ya baiskeli nyepesi, na godoro juu yake. Wewe utapanda ile ya chuma, yenye kioo, ambayo itapakiwa juu ya basi. Nitatangulia, utanifuata. Tutatoka hapa tukishika kushoto hadi stendi, waziwazi mbele ya watu, na tutapita njia panda, mbele ya kibanda cha Luhende, saa anayopanga vyombo vyake. Tutamwamkia mwangaluka kama siku zote. Usimwambie pole, usilie, usijifanye umeona kitu kipya. Atatuona tu tunavyopita.

Kwa mzigo huo sitaweza kugeuza shingo. Nitakuwa sina nyuma, kama siku ile. Kioo unacho wewe. Ukiona lori, sema, baba, lori. Nami nitabaki palepale kushoto, niendelee kukanyaga.

Baba yako.